Sura ya Tano: Mto Ulio Nyuma ya Mboni

Asubuhi ya Januari, vuli ikiwa imekwisha na kilele cha mlima Meru kikiwa wazi, anga la Arusha huwa la buluu iliyokolea. Ukiwa kando ya mto Themi asubuhi kama hiyo, lipe jua mgongo, inua uso, ulitazame anga tupu bila kukodolea kitu chochote. Jua lenyewe usilitazame kamwe. Subiri nusu dakika. Utaanza kuona vitone vidogo vinavyong'aa, vikizuka huku na kule. Kila kimoja hukimbia kwenye kinjia chake kilichopindapinda, kisha hutoweka. Sasa weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono. Utagundua kwamba vitone hivyo hukaza mwendo kila moyo unapopiga.

Umeiona damu yako mwenyewe ikitembea.

Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, uitwao retina. Juu ya utando huo umetandazwa wavu wa mishipa myembamba mno, kapilari. Chembe nyekundu za damu hunyonya mwanga wa buluu, na ubongo umekwisha kuzoea kivuli chake hata haukijali tena. Chembe nyeupe hainyonyi mwanga huo. Inapopita katika msururu wa nyekundu, huacha upenyo wa mwanga, nawe unaona kitone kinachokimbia. Usivichanganye vitone hivi na vijiuzi vya kijivu vinavyoelea polepole jicho linapogeuka. Hivyo ni uchafu mdogo ulio katika ute wa jicho.

Jambo hili lilielezwa mwaka 1924 na daktari wa macho wa Ujerumani, Scheerer. Mwaka 1980 watafiti Charles Riva na Benno Petrig walilifanya kuwa kipimo: mtu alitazama mwanga wa buluu, kisha akalinganisha mwendo wa vitone vyake na mwendo wa vitone vya kuigiza kwenye skrini. Kwa njia hiyo walikadiria kasi ya damu kwenye kapilari za mtu aliye hai, bila sindano na bila kisu. Sura hii inahusu safari iliyoanzia kwenye hamu hiyo: kuitazama damu ya jicho ikipita, kwa kutumia mwanga peke yake.

Tone moja kwa dakika

Waswahili husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Damu inayopita katika mishipa ya retina ya jicho moja ni kiasi cha tone moja au mawili tu kwa dakika. Retina yenyewe ina unene wa robo hadi theluthi ya milimita. Lakini kwa utando huo, tone hilo ni bahari. Retina ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotumia oksijeni kwa wingi zaidi zikilinganishwa na uzito wake, na damu ikisimama kwa muda mfupi, kuona nako husimama.

Kuna sababu nyingine ya kuiheshimu. Mtoto anapoumbika tumboni, retina huchomoza kutoka kwenye ubongo wenyewe. Mishipa yake ni ndugu wa mishipa ya ubongo, na hupatwa na mengi ya yale yanayoipata mishipa ya moyo na figo. Tofauti ni kwamba ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, moyo na figo viko gizani, bali mbele ya retina kuna dirisha lililo wazi: mboni.

Dirisha hilo lilifunguliwa rasmi mwaka 1851, Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotangaza kifaa chake cha kuchungulia ndani ya jicho. Kabla yake mboni ya mtu mzima ilionekana nyeusi tu, kwa kuwa mwanga unaoingia hurudi kwa njia ileile ulioingilia, na kichwa cha anayechungulia huziba njia hiyo. Helmholtz alitumia kioo kupeleka mwanga ndani na kuchungulia kupitia hicho hicho. Kizazi cha kwanza cha madaktari walioona mishipa ile myekundu ikitawanyika kama matawi ya mti walijikuta wanatazama damu ya mgonjwa aliye hai pasipo kumchana ngozi.

Mfereji si maji

Themi hushuka kutoka Meru, hukata mji wa Arusha, na maji yake huingia mto Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani, hadi Bahari ya Hindi. Kwa vizazi vingi Waarusha na Wameru wamechepusha maji ya mlima kwa mifereji hadi kwenye migomba na mahindi yao. Mkulima wa mfereji anajua jambo moja ambalo madaktari wa macho walichukua zaidi ya karne kulipatia dawa: mfereji si maji. Unaweza kuutembelea mfereji ukaukuta kingo zake nzima, upana wake uleule, na bado shamba la chini likakauka kwa sababu huko juu maji yameziba au yamepungua.

Kifaa cha Helmholtz, na kamera zilizokifuata, vilionyesha mfereji. Daktari aliona mshipa ulivyonenepa, ulivyojikunja, au palipovuja. Kama damu inapita ndani yake, na kwa kasi gani, hakuweza kusema.

Jibu la kwanza lililofanya kazi hospitalini lilitoka kwa wanafunzi wawili wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, Harold Novotny na David Alvis. Mwaka 1961 walichapisha njia ya kuchoma sindano ya rangi iitwayo fluoresini kwenye mshipa wa mkono, kisha kupiga picha za haraka za jicho kwa mwanga wa buluu. Rangi hiyo ikimulikwa buluu hung'aa kijani-njano. Baada ya sekunde kumi na kitu hufika jichoni, na mishipa huwaka mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyemimina rangi kwenye chanzo cha mfereji ili aone inakofika na inakokwama.

Njia hiyo imeokoa macho mengi na inatumika hadi leo. Lakini ina gharama kwa mwili. Ngozi hubadilika kuwa ya manjano kwa saa kadhaa, mkojo hupata rangi, baadhi ya wagonjwa husikia kichefuchefu, na mara chache sana hutokea mzio mkali wa kuhatarisha maisha. Kipimo cha namna hiyo si rahisi kumrudia mgonjwa kila mwezi. Ndiyo maana watafiti walijiuliza: je, maji yenyewe hayawezi kutueleza yanavyokwenda, bila kuyatia rangi?

Kuusoma mto ukiwa darajani

Simama juu ya daraja lolote la mto Themi, ujiulize maji yanakwenda kasi gani. Utaona kwamba ziko njia kadhaa za kujua bila kulowa, na kila moja ina ndugu yake katika sayansi ya jicho.

Njia ya kwanza ni kufuata jani. Jani linaelea, unaliona likipita jiwe hili, unahesabu, unaliona likifika jiwe lile. Katika damu, majani yetu ni chembe nyekundu. Hemoglobini iliyomo ndani yake hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo chini ya mwanga huo chembe zilizofuatana huonekana kama vidoti vyeusi. Amiram Grinvald na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walitengeneza kamera inayopiga picha kadhaa mfululizo kwa kufumba na kufumbua. Kompyuta huangalia kidoti kimesogea umbali gani kati ya picha na picha, na hapo kasi inajulikana. Picha hizo zikirundikwa pamoja, njia za chembe huchora kapilari zenyewe, hata zile ambazo picha moja haiwezi kuzionyesha.

Njia ya pili ni kusikiliza. Basi linalokuja kwa kasi kwenye barabara ya Moshi likipiga honi, sauti huwa kali. Likishakupita, sauti hiyo hiyo hushuka. Christian Doppler alieleza kanuni hiyo mwaka 1842, na inafaa kwa mwanga kama inavyofaa kwa sauti. Mwanga wa leza ukigonga chembe inayotembea, rangi yake hubadilika kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa jicho, lakini chombo hukipima. Mwaka 1972 Riva, tuliyemtaja hapo awali, pamoja na Ross na Benedek, walipima hivyo damu ya retina ya sungura. Miaka miwili baadaye kipimo kikafanywa kwa binadamu.

Njia ya tatu ni kutazama mmetameto. Jua likipiga maji yaliyotuama, mng'ao hutulia mahali pake. Likipiga maji yanayokwenda, mng'ao hutawanyika na kutetemeka. Leza ikimulika retina huacha madoa madoa ya mwanga na giza. Palipo na damu inayopita, madoa hayo hubadilika haraka hata picha yake hufifia. Kadiri yanavyofifia, ndivyo damu inavyokwenda mbio. Adolf Fercher na David Briers walionyesha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wahandisi wa Japani, akiwemo Hitoshi Fujii, wakaliendeleza hadi mashine ya kliniki.

Njia ya nne ndiyo iliyoenea kuliko zote leo. Piga picha mbili za mto kutoka mahali pamoja, moja baada ya nyingine. Zilinganishe. Mawe hayakubadilika, kingo hazikubadilika. Kilichobadilika ni maji. Mwaka 1991 timu ya David Huang na James Fujimoto, Marekani, ilichapisha njia ya kupima mwangwi wa mwanga. Kama vile popo anavyojua umbali wa ukuta kwa mwangwi wa sauti yake, mashine hiyo hujua kina cha kila tabaka la retina kwa mwanga unaorudi, na hutofautisha vitu vilivyoachana kwa sehemu chache tu kati ya elfu za milimita. Madaktari huiita OCT. Mwaka 2012 timu ya Yali Jia na Huang ilichapisha hatua iliyofuata: kupima mahali palepale mara kadhaa ndani ya muda mfupi sana na kulinganisha. Panapobadilika ni damu inayopita. Baada ya sekunde chache ambazo mgonjwa ameweka kidevu kwenye mhimili na kutazama alama, ramani nzima ya mishipa inayopitisha damu hujichora, tabaka kwa tabaka. Hapa hakuna sindano, na kipimo kinaweza kurudiwa wiki ijayo bila madhara.

Kila njia ina mipaka yake, na msomaji anastahili kuijua. Ramani ya OCT huonyesha damu inapopita lakini kasi yake haielezi vizuri, na mshipa ambao damu yake inatambaa polepole mno unaweza kuonekana kana kwamba umekauka. Haionyeshi palipovuja, kitu ambacho rangi ya fluoresini huonyesha wazi. Jicho likicheza, picha huchanika. Mtoto wa jicho akiwa mzito, mwanga haupiti kabisa.

Kikwazo kimoja kilipata dawa kutoka kwa wanaastronomia. Tazama kokoto zilizo chini ya maji ya Themi: zinacheza na kupinda, ingawa zenyewe zimetulia. Hewa huzifanyia hivyo nyota, na konea pamoja na lenzi ya jicho huzifanyia hivyo chembe za retina. Wanaastronomia walibuni vioo vinavyojipinda kidogo kidogo ili kunyoosha kilichopindwa na hewa. Mwaka 1997 Junzhong Liang, David Williams na Donald Miller wa Chuo Kikuu cha Rochester waliupeleka ufundi huo kwenye jicho, na seli za retina zikaonekana moja moja. Leo maabara zenye vioo hivyo huona chembe nyekundu, yenye upana wa sehemu saba au nane kati ya elfu za milimita, ikijibana kupita kwenye kapilari iliyo nyembamba kuliko yenyewe.

Kisukari kinapoanzia

Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Arusha? Yanatuhusu kwa sababu ya kisukari.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban watu 9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania walikuwa na kisukari. Sukari nyingi hula kuta za kapilari. Kwanza ukuta hulegea na kutoa vivimbe vidogo. Kisha huvuja. Kisha kapilari huziba, na kipande cha retina kilichokuwa kikinywa hapo hubaki na kiu. Retina yenye kiu hutoa kemikali ya kuomba mishipa mipya, nayo huja, lakini huwa dhaifu. Hupasuka, hujaza jicho damu, na makovu yake huvuta retina hadi ikabanduka.

Jambo la kuogofya ni ukimya wa safari hiyo. Mtu anasoma Biblia au Kurani yake, anaendesha bodaboda, anahesabu chenji sokoni, na mifereji yake inaziba. Maumivu hayapo. Siku anapoona wingu jeusi limeshuka mbele ya jicho, mengi yamekwisha haribika. Hapa ndipo thamani ya kuiona damu yenyewe inapojitokeza. Katika jicho lenye afya, taa ikipepesa mbele yake, mishipa ya retina hupanuka ili kuleta damu zaidi. Kwa watu wenye kisukari mwitikio huo hudhoofika hata kabla ya daktari kuona dalili yoyote kwenye picha ya kawaida. Kwa lugha ya mkulima, maji hupungua kabla mfereji haujabomoka.

Kilomita kama 80 kutoka Arusha, hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi ilianza mwishoni mwa mwaka 2010 kupiga picha za retina za wagonjwa wa kisukari mkoani Kilimanjaro. Hadi mwisho wa 2014 zaidi ya watu 3,000 walikuwa wamepimwa, na zaidi ya robo yao walikutwa na madhara ya kisukari kwenye retina. Hizo zilikuwa picha za kawaida za mfereji, si za maji, na bado ziliwaonyesha mamia ya watu jambo ambalo miili yao haikuwaambia.

Somo la Blantyre

Kuna ugonjwa mwingine ulioonyesha Afrika nguvu ya dirisha hili. Katika miaka ya 1990, kwenye wodi ya watoto mjini Blantyre, Malawi, madaktari waliwachungulia macho watoto waliozimia kwa malaria ya ubongo. Mwaka 1993 Susan Lewallen na wenzake walichapisha walichokiona: sehemu za retina zimepauka, kuna madoa ya damu, na baadhi ya mishipa imegeuka rangi ya chungwa au nyeupe. Mishipa hiyo ilijaa chembe zilizovamiwa na vimelea, zikajigandisha kwenye kuta. Kimelea hula hemoglobini, kwa hiyo wekundu wa damu hupotea.

Mwaka 2004 timu ya Terrie Taylor ilitoa matokeo yaliyowashtua wengi. Kati ya watoto 31 waliofariki wakiwa wameandikiwa malaria ya ubongo na kuchunguzwa baada ya kifo, 7 waliuawa na kitu kingine. Dalili pekee iliyowatofautisha walipokuwa hai ilikuwa kwenye retina. Jicho lilisema kweli ambayo kipimo cha damu cha kidole hakikuweza kuisema, kwa sababu katika nchi za malaria mtoto anaweza kuwa na vimelea na akawa anakufa kwa sababu nyingine. Kabla ya hapo Lewallen alikuwa amehamia kwetu huku kaskazini, na mwaka 2001 yeye na Paul Courtright walianzisha Moshi kituo cha afya ya macho ya jamii, KCCO, kilichofundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Walichotumia madaktari wa Blantyre kilikuwa kifaa cha mkononi, dawa ya matone ya kupanua mboni, na macho yaliyofunzwa.

Mashine na mlango

Ndiyo sababu siwezi kuimaliza sura hii kwa kusifu mashine tu. Mashine bora za kupima mwendo wa damu zimejaa katika hospitali za nchi tajiri, na bei yake bado inaziweka mbali na wilaya nyingi za Afrika Mashariki. Lakini njia ya kuelekea huko imeanza kupasuliwa hapa hapa. Mwaka 2013 na 2014 daktari Andrew Bastawrous na timu yake walizunguka vijiji na mitaa ya Nakuru, Kenya, wakilinganisha vifaa vizito vya hospitali na simu ya mkononi iliyofungwa kifaa cha kupigia picha retina. Simu ilifanya kazi nzuri. Moshi nako, watafiti wa KCMC na wa chuo cha afya ya jamii cha London wameifanyia majaribio akili mnemba isomayo picha za retina pale pale kliniki, ili mgonjwa asirudi nyumbani akisubiri jibu kwa wiki nyingi.

Serikali na hospitali zetu zinaponunua mashine za macho, ziulize maswali ya mkulima wa mfereji: itaonyesha kingo au itaonyesha maji? Nani atafundishwa kuisoma? Ikiharibika, nani ataitengeneza? Mashine iliyofunikwa kitambaa kwa kukosa fundi haimponyi mtu.

Na wewe msomaji, unayo kazi isiyosubiri mashine yoyote. Kama una kisukari, au mama yako anacho, au jirani yako wa Themi anacho, usisubiri macho yaume au yafifie. Nenda hospitali yenye huduma ya macho, useme wazi kwamba unataka retina ichunguzwe. Utatiwa matone, mboni zitapanuka, utaona ukungu kwa saa chache, kwa hiyo nenda na mtu wa kukurudisha na usiendeshe chombo siku hiyo. Rudia kila mwaka. Sukari na presha zikidhibitiwa, na tatizo likikutwa mapema, leza na sindano za jicho zinaweza kuzuia upofu ulio mwingi. Likikutwa kwa kuchelewa, hakuna fundi duniani leo anayeweza kuirudisha retina iliyokufa kwa kiu.